Umeuza boti, lakini daftarini bado ni yako

Kila siku tunaona tangazo jipya: boti ya faiba, futi 23, mashine Yamaha 40, maongezi yapo. Facebook, tovuti ya Jiji, makundi ya WhatsApp, kote zimo. Hatuna ugomvi na matangazo hayo; mali ni yako, uza. Malalamiko yanayoongezeka mezani kwetu ni ya baadaye, muuzaji anapokuja kushangaa kwamba boti aliyoiuza zamani imekamatwa na anayetafutwa ni yeye.

Anatafutwa kwa sababu jina lililo katika daftari la usajili wa vyombo ni lake. Wengi huleta karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa wakidhani imemaliza kazi. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba mliuziana. Haibadilishi usajili. Mwenyekiti wa mtaa hana daftari la vyombo vya majini.

Utaratibu ni huu. Mkataba uandikwe majina kamili ya pande zote kama yalivyo kwenye vitambulisho, namba ya usajili wa chombo, urefu wake, bei, tarehe ya makabidhiano na vifaa vinavyokwenda nacho, majaketi okozi yakiwemo. Mashine iandikwe peke yake pamoja na namba yake, kwa kuwa mara nyingi ina historia tofauti na bodi ya boti. Kisha muuzaji na mnunuzi wafike pamoja na cheti cha usajili cha asili katika ofisi inayohusika, TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kwa Bara au Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, waombe kubadilisha umiliki. Kama boti iliwekwa dhamana ya mkopo, barua ya aliyekopesha itangulie. Leseni ya uvuvi ni jambo jingine. Haiendi na boti kama nanga. Mnunuzi anayetaka kuvua akaombe yake halmashauri.

Hapo kwenye mashine, tafadhali. Namba huwa kwenye kibati cha mabano yanayofungia mashine kwenye shetri, yaani nyuma ya boti. Kibati kikiwa kimebanduliwa au kimekwaruzwa, usinunue, na muuzaji asituambie kwamba chumvi ndiyo iliyokula. Sheria ya Kanuni za Adhabu inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Someni tena hayo maneno ya katikati. "Niliiona mtandaoni" si utetezi, na bei ya nusu ya soko inaweza kuhesabiwa kuwa sababu ya kuamini. Muuzaji naye akijipatia fedha kwa udanganyifu anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka saba.

Picha ya cheti msiibandike kwenye tangazo. Matapeli huichukua na kuiuza boti hiyo hiyo kwa mtu wa mkoa mwingine. Mwonyesheni mnunuzi ana kwa ana, ufukweni, boti ikiwepo.

Na mkishauza, futeni tangazo. Juzi nilipiga namba iliyokuwa kwenye tangazo moja. Mwenyewe akajibu kwa furaha kwamba ameshauza tangu kabla ya msimu wa pepo za kusi. Nikamuuliza mnunuzi anaitwa nani, maana usajili bado uko kwa jina lake.

Akanyamaza kidogo. "Pale mwaloni walikuwa wanamwita Kapteni."