Chanjo ya rota na utumbo kujichomeka: hatari ndogo ilivyopimwa

Mtoto wa wiki 6 akipelekwa kliniki, mojawapo ya chanjo anazopewa siku hiyo haichomwi kwa sindano. Ni chanjo ya rota, inayokinga kuhara kukali kunakoletwa na virusi vya rota. Kwa Rotarix ya maji ni mililita 1.5, na humiminwa polepole upande wa ndani wa shavu. Nyuma ya matone hayo kuna hesabu iliyochukua zaidi ya miaka kumi, na mzazi ana haki ya kuijua. Ndani yake limo jambo ambalo elimu ya chanjo mara nyingi hulipita haraka: kwa nadra sana, chanjo hii inaweza kuchangia tatizo la utumbo linalohitaji hospitali.

Tatizo lenyewe ni utumbo kujichomeka ndani ya utumbo. Kipande kimoja huingia ndani ya kile kinachofuata, kama mkono wa shati unavyoingia ndani unapolivua kwa haraka. Mara nyingi hutokea pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Kila utumbo unapobana ili kusukuma chakula, kipande kilichoingia huvutwa ndani zaidi na kuburuta mishipa yake ya damu. Mishipa ikibanwa, utumbo huvimba, hutoa kamasi na damu, na usipofunguliwa hufa na kutoboka. Watoto hupata tatizo hili hata bila chanjo yoyote: duniani ni takriban 74 kwa kila watoto 100,000 wa chini ya mwaka mmoja, wengi wakiwa na miezi 4 hadi 10. Umri huo ndio ufunguo wa hesabu yote.

Chanjo ya kwanza ya rota, RotaShield, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Kufikia Julai 1999 zilikuwa zimepokelewa taarifa 15 za watoto waliojichomeka utumbo baada ya kuipata, chanjo ikasimamishwa, na Oktoba mwaka huohuo ikaondolewa sokoni. Makadirio ya baadaye yalionyesha mtoto mmoja kati ya takriban 10,000. Kwa Marekani uamuzi ule ulieleweka. Kule kuhara kwa rota kulilaza watoto wengi hospitalini, lakini kuliua makumi tu kwa mwaka, kwa kuwa dripu na daktari havikuwa mbali.

Afrika na Asia mambo yalikuwa mengine kabisa. Miaka ile virusi vya rota viliua karibu watoto nusu milioni kwa mwaka duniani, wengi mno katika mabara haya mawili. Hatari ya mmoja kati ya 10,000 ingezidiwa mbali na vifo ambavyo chanjo ingezuia. Lakini ni waziri gani wa afya angewaambia wananchi wake wapokee chanjo iliyokataliwa Marekani? Ikaachwa. Watoto waliokufa kwa kuhara katika miaka ya kusubiri hawakuandikwa popote kuwa ni madhara ya kukosa chanjo, na hapo ndipo mizani hii huwa ngumu: anayeumizwa na chanjo huonekana na kutajwa, ila aliyeokolewa nayo hata mama yake hajui.

Chanjo zilizofuata, Rotarix na RotaTeq, zilijaribiwa kila moja kwa watoto zaidi ya 60,000. Wingi huo una sababu. Ukijaribu chanjo kwa watoto 2,000, hatari ya mmoja kati ya 10,000 unaweza usiione hata mara moja. Majaribio hayakuonyesha ongezeko. Baadaye, mamilioni ya watoto walipochanjwa, nchi kama Mexico, Australia na Marekani ziliona ongezeko dogo, hasa katika siku 7 za kwanza baada ya dozi ya kwanza. Kwa Marekani linakadiriwa kuwa kati ya mtoto mmoja kwa 20,000 na mmoja kwa 100,000.

Je, kwetu? Tanzania ilianza kutoa chanjo ya rota kwa watoto wote mwaka 2013, Kenya mwaka 2014. Nchi hizi mbili, pamoja na Ethiopia, Ghana, Malawi, Zambia na Zimbabwe, zilifuatilia watoto 717 waliojichomeka utumbo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Njia iliyotumika ni ya kumlinganisha mtoto na nafsi yake: je, tatizo lilitokea zaidi katika wiki moja au tatu baada ya chanjo kuliko katika wiki zake nyingine? Kama chanjo ndiyo chanzo, matukio yatarundikana mara tu baada ya dozi. Hayakurundikana. Inadhaniwa kuwa umri mdogo wa kuanza chanjo na matone ya polio yanayotolewa siku hiyohiyo vinachangia.

Umri unahusika vipi? Waliopata dozi ya kwanza ya RotaShield wakiwa wamepita miezi 3 walikuwa asilimia 38 tu ya waliochanjwa, lakini ndio waliobeba karibu asilimia 80 ya matukio. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani, WHO, liliweka ukomo: dozi ya kwanza kabla ya wiki 15, ya mwisho kabla ya wiki 32. Kanuni ilikuwa salama kwenye karatasi. Vijijini mama hufika kliniki akiwa amechelewa kwa mvua, mavuno au nauli, na mtoto akarudishwa bila matone. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2012 ilikadiria kuwa kuondoa ukomo huo kungezuia vifo 47,200 zaidi vya rota kwa mwaka, huku kukiweza kusababisha vifo 294 zaidi vya utumbo kujichomeka. Mwaka 2013 WHO ikauondoa. Vifo 294 si namba ya kupuuza hata kidogo, na ndiyo maana kumwahisha mtoto wiki ya 6 bado ni bora kuliko kumchelewesha.

Kinga nayo si kamili. Katika majaribio, Rotarix ilizuia asilimia 77 ya kuhara kukali kwa rota Afrika Kusini na asilimia 49 tu Malawi. Hata hivyo, kwa kila watoto 100 waliochanjwa, Malawi ilizuia matukio karibu 7 na Afrika Kusini karibu 4, kwa sababu Malawi ugonjwa ulikuwa mwingi zaidi. Asilimia pekee ingekudanganya.

Sasa dalili. Mtoto hulia ghafla kwa dakika chache akikunja magoti kuelekea tumboni, anapauka, kisha anatulia na kulegea kana kwamba amepona. Baada ya dakika 15 au 20 inaanza tena. Hutapika, baadaye matapishi ya kijani. Damu iliyochanganyika na kamasi kwenye nepi huja mwishoni, usiisubiri. Makosa mawili huua. La kwanza ni kusema ni mchango na kumnywesha dawa za mitishamba siku mbili. La pili hutokea kituoni: damu ikionekana, anaandikiwa dawa ya kuhara damu na kurudishwa nyumbani. Kuhara damu kwa kawaida huja na homa na choo kingi chepesi. Hapa kutapika na kilio cha vipindi hutangulia, na choo huwa kidogo.

Mpeleke hospitali yenye ultrasaundi na daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Akiwahi, utumbo unaweza kurudishwa kwa kusukumiwa hewa au maji kupitia njia ya haja kubwa. Akichelewa hupasuliwa, na kipande kilichokufa hukatwa. Mtoto aliyewahi kupata tatizo hili asipewe chanjo ya rota. Mwambie muuguzi kabla ya matone.

Beba kadi ya kliniki. Mhudumu anayempokea anakili tarehe ya kila dozi na namba ya bechi, na kujaza fomu ya taarifa ya maudhi baada ya chanjo hata kama haamini kuwa chanjo ndiyo chanzo. Bila tarehe hizo, mtoto huyo hahesabiki upande wowote wa mizani.