Virusi vikubwa: dhana tulizozizoea na ukweli wake

Dhana: Virusi vyote ni vidogo mno kuonekana kwa hadubini ya kawaida.

Mwaka 1992, huko Bradford, Uingereza, watafiti waliokuwa wakisaka chanzo cha nimonia walichota maji kwenye mnara wa kupozea, wakakuta amiba wamebeba vijidude vya mviringo. Vilipotiwa rangi ya Gram, ile ya kutambulishia bakteria, vikaonekana kwa hadubini ya kawaida kama bakteria, basi vikahesabiwa bakteria. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kugundua kosa hilo: mwaka 2003 wanasayansi wa Marseille, Ufaransa, wakatangaza kwamba ni kirusi, wakakiita Mimivirus. Kina jeni karibu 1,000, ilhali cha UKIMWI kina 9. Mwaka 2013 kikafuata Pandoravirus, kilichopatikana kwenye matope ya pwani ya Chile, chenye urefu wa takriban mikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Wapo bakteria wadogo kuliko hicho.

Dhana: Kwa kuwa ni vikubwa, basi ni hatari zaidi kwetu.

Neno "vikubwa" ndilo linalotutia hofu bure. Virusi hivi huishi kwa kuvamia amiba, mwani na viumbe wengine wa seli moja. Amiba humeza chochote chenye ukubwa wa bakteria akidhani ni chakula, na Mimivirus huingia kwa mlango huohuo. Hata Pithovirus, kilichofufuliwa mwaka 2014 kutoka udongo wa Siberia ulioganda kwa miaka 30,000, kilivamia amiba.

Dhana: Baharini kirusi huua, mwenyeji hufa, mambo yakaisha.

Hapa ndipo palipo na uhondo, na sijui kwa nini hapasimuliwi zaidi. Emiliania huxleyi ni mwani wa seli moja unaojivika visahani vya chokaa. Ukistawi kwa wingi, maji ya bahari hugeuka rangi ya maziwa hata setilaiti zikayaona, kwa mfano karibu na Norway. Kisha stawi lote huporomoka kwa muda mfupi, na mara nyingi chanzo ni kirusi kiitwacho EhV. Hiki kimebeba jeni za kutengeneza aina fulani ya mafuta, nacho huisukuma seli ijiue yenyewe. Chokaa huzama, na vilivyomo ndani ya seli vikawa chakula cha bakteria.

Lakini mwani nao una ujanja wake. Katika hatua mojawapo ya maisha yake, seli huwa na nusu tu ya kromosomu na hazina visahani. Seli za namna hiyo EhV haiziwezi.

Dhana: Kirusi hakishambuliwi na kirusi.

Hushambuliwa. Cafeteria roenbergensis, kijidudu cha baharini kinachokula bakteria, huvamiwa na kirusi kikubwa CroV. CroV nacho kina mdoezi wake, Mavirus, kirusi kidogo kinachozaliana kwa kutumia mitambo ya CroV. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba Cafeteria anaweza kumhifadhi Mavirus ndani ya jeni zake mwenyewe, amelala. CroV ikiingia, Mavirus huamka. Seli hiyo haiponi. Hupasuka na kumwaga Mavirus majini. CroV inapofika kwa seli za jirani humkuta mdoezi keshatangulia, ikashindwa kuzaliana, na kundi likabaki hai.