Ripea kiti haifufui plenja

Jumamosi kijana mmoja, dereva wa Hiace yenye injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L, alikuja na pampu yake ya dizeli ndani ya ndoo. Kaifungua mwenyewe nyumbani, kabadilisha sili zote, kaifunga. Asubuhi gari linawaka kwa stata moja. Mchana likishapata moto, ole wake alizime: haliwaki mpaka lipoe. "Fundi, nimeweka ripea kiti nzima. Sasa hii pampu si mpya?"

Hapana, si mpya. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, acha leo niliandike.

Ifungue ile ripea kiti, pakiti ya sili za kukarabatia pampu, uimwage mezani. Kuna oringi, sili ya shafti, washa za shaba. Humo hakuna hata kipande kimoja kinachosukuma mafuta. Anayesukuma ni plenja, kijiti cha chuma kilicho ndani ya pampu, na kwenye hizi pampu za VE, muundo wa Bosch ambao Denso ilizitengenezea Toyota kwa leseni, plenja ni moja kwa silenda zote nne. Inazunguka, na papo hapo inakwenda mbele na kurudi. Nafasi kati yake na hedi ya pampu, yaani chuma chenye tundu inamochezea, ni kama mikroni 2 au 3, wakati unywele wako una unene wa mikroni 70 hivi. Pale katikati hakuna mpira wowote. Kinachozuia mafuta yasirudi nyuma ni chuma kukaribiana na chuma, basi. Kikishalika, oringi itakusaidia nini?

Na kwa nini tatizo lije gari likiwa la moto tu? Stata inazungusha injini polepole, na pampu inakwenda nusu ya mwendo wa injini. Kwa mwendo huo plenja iliyolika inayapa mafuta muda wa kupenya pembeni kabla presha haijafikia ya kufungua nozo, zile zinazopuliza mafuta ndani ya injini. Dizeli baridi ni nzito kidogo, inapenya kwa shida. Ikipata moto inakuwa nyepesi na kupita. Injini ikishawaka plenja inakwenda kasi, mafuta hayapati muda wa kutoroka, na wewe unadhani pampu ni nzima.

Kabla ya kufungua chochote, zima injini ya moto, lowesha tambara kwa maji baridi, lizungushe kwenye hedi ya pampu, subiri dakika chache, piga stata. Likiwaka, mshukiwa wa kwanza ni plenja. Nasema mshukiwa, kwa sababu dakika hizo hizo betri nayo imepumzika, na betri iliyochoka imeshawahi kunidanganya. Na ni tambara, jamani, si ndoo ya maji juu ya chuma cha moto.

Kipimo kingine ndicho kinachoniudhi kabisa. Watu wanaosha plenja, wanaiingiza kwenye hedi, wanainamisha, inateremka taratibu kwa uzito wake, wanashangilia: nzima! Kipimo hicho kinakuambia plenja haikwami. Hakikuambii kwamba haivujishi. Iliyolika huteremka vizuri sana, tena kwa raha zaidi. Mimi huipeleka dirishani, naigeuza polepole kwenye mwanga, natafuta mistari na sehemu iliyopoteza mng'ao karibu na matundu. Ya kijana ilikuwa na ukanda wa kijivu ambao kucha inaupita bila kuhisi kitu. Hata hapo jicho si benchi, ile mashine ya kupimia pampu: nimewahi kupitisha plenja inayong'aa, ikarudi baada ya wiki.

Kama shida yako ni kuvuja tu, fungua nyumbani, sikukatazi. Osha pampu kwa nje kwanza mpaka iwe safi kama sahani. Weka alama kwenye wenzo wa mafuta na shafti yake kabla ya kuvichomoa, maana jino moja likipishana silensa, mwendo wa injini bila kukanyaga pedeli, inapotea. Skrubu ya kupimia mafuta, iliyo nyuma ya pampu, ipime urefu kwa vania kabla ya kuigusa. Vali za paipu zinazokwenda kwenye nozo zisichanganywe matundu. Vyote vipange kwenye sinia kwa zamu ulivyovitoa, uoshe kwa dizeli safi. Sili ya shafti usiidharau: kwenye 3L ikivuja inalowesha mkanda wa taimingi.

Ila pale kwenye sliivu ya plenja, pete inayoteleza juu yake na kupima mafuta, tulia. Ina tundu dogo, na wenzo wa governa, kidhibiti mwendo wa injini, una kichwa cha mviringo kinachopaswa kuingia humo. Huwezi kukiona vizuri, unakisikia kwa kidole: usogeze wenzo, na sliivu iufuate. Isipoufuata, usifunge. Hapo hakuna anayezuia mafuta. Gari likiwaka linaweza kupanda resi lenyewe, na kuachia pedeli hakutalishusha. Fundi mwenzangu alipoteza injini hivyo, ikipiga kelele mbele ya macho yake.

Kinachokula plenja ni nini? Pampu hii haina oili yake, inalainishwa na dizeli ileile inayopita ndani. Maji yaliyovuka chujio huiharibu. Mafuta yaliyochakachuliwa nayo huiharibu, kwa kuwa mafuta ya taa ni makavu. Mwaka 2011 serikali ya Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuua faida ya kuyachanganya na dizeli, lakini mpaka leo nafungua pampu zenye harufu ya koroboi.

Plenja na hedi huuzwa pamoja, vimesuguliwa kimoja kwa ajili ya mwenzake. Usichukue plenja ya pampu hii ukaitia kwenye hedi ya ile. Vikishafungwa, pampu inakwenda benchi kupimwa mafuta, na hiyo kazi haifanyiki uani. Kijana nimemwagizia hedi. Sili alizoweka mwenyewe tutaondoa zile zinazoguswa na hedi tu, zilizobaki tutaziacha palepale. Alizifunga vizuri, hazivuji hata tone.