Dawa ya sukari na mafuta kwenye ini: maswali ninayoulizwa kliniki

Mafuta kwenye ini ni ugonjwa gani?
Ni mafuta kurundikana ndani ya seli za ini. Wengi wanaoupata wana kitambi, kisukari aina ya 2, au vyote viwili. Mara nyingi hauumi. Huonekana kwenye altrasaundi ya tatizo jingine kabisa.

Nimesikia metformini, dawa ya sukari, imeyeyusha mafuta ya ini maabara. Ni kweli?
Kweli, kwenye kisahani cha maabara. Watafiti hutumia seli ziitwazo HepG2, zilizotoka kwenye uvimbe wa saratani ya ini. Huzilisha asidi ya oleiki, ile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni, mpaka zijae vitone vya mafuta. Wakizitia rangi, vitone huonekana vyekundu kwenye hadubini. Wakiweka metformini, vyekundu hupungua, kwani dawa huamsha kimeng'enya AMPK kinachofanya seli iunguze mafuta badala ya kuyatengeneza.

Si ndiyo tiba hiyo?
Hapana. Metformini inayowekwa kisahanini mara nyingi huzidi mno ile inayofika kwenye damu ya anayemeza vidonge. Kisahani hakina figo, hakina tumbo, hakisikii njaa. Dawa hiyo ilipojaribiwa kwa wagonjwa, vipande vya ini vilivyopimwa havikuonyesha nafuu ya maana. Inabaki dawa nzuri ya sukari.

Semaglutaidi, dawa nyingine ya kisukari, imefanya vizuri zaidi kwa binadamu. Katika utafiti uliochapishwa 2021, uvimbe wa ini unaoletwa na mafuta (si ule wa saratani) uliondoka bila makovu kuongezeka kwa asilimia 59 ya waliopewa dozi kubwa, dhidi ya asilimia 17 ya waliopewa dawa bandia ya kulinganishia. Semaglutaidi hupunguza hamu ya kula na uzito, jambo ambalo seli za kisahanini zisingeweza kutuonyesha.

Mume wangu ana vidonge vya sukari. Nimeze vyake kusafisha ini?
Usimeze, dada yangu. Nimechoka kuona bahasha za dawa zenye jina la mtu mwingine. Mgonjwa anasema "ni metformini", nikifungua nakuta glibenklamaidi, dawa nyingine ya sukari. Hiyo hushusha sukari hata ya mtu asiye na kisukari: jasho jembamba, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuzimia. Sukari inaweza kushuka tena saa nyingi baadaye, hata kama umekunywa soda ukapata nafuu. Aliyemeza akimbizwe hospitali, asilazwe nyumbani "apumzike".

Na kama ni metformini yenyewe, nina hakika?
Usimeze. Figo zako hazijapimwa. Zikiwa zimechoka sana, metformini inaweza kujaza asidi kwenye damu.

Nusu kidonge tu?
Usimeze dawa ya sukari ya mtu mwingine. Nusu, robo, kimoja kwa wiki: jibu ni hilohilo. Na mwenye dawa naye anabaki bila dozi yake.

Sasa nifanye nini?
Pima sukari, figo na ini. Anza na soda na juisi za viwandani: ziache. Pombe pia. Tembea kila siku. Mwenye uzito mkubwa akipunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake, hata uvimbe wa ini huanza kupoa. Mwenye kilo 90 ni kama kilo 6 hadi 9, taratibu, kwa miezi. Ukija kliniki, leta kila kidonge unachotumia, pamoja na vya kuazima na ile chupa ya mitishamba uliyoificha kabatini.