Profesa Eugenie Clark na wayo anayemkwamisha papa taya

Watu wa Bahari ya Shamu wana hadithi ya samaki mmoja mwenye madoadoa aitwaye wayo. Wanasema Nabii Musa alipoipasua bahari, samaki huyo alikuwa palepale katikati, naye akapasuka nusu mbili. Ndiyo maana ni bapa kama chapati. Wataalamu wengi wangecheka na kupita. Profesa Eugenie Clark, Mmarekani mtaalamu wa samaki, alimshika huyo wayo mkononi akambana.

Majimaji meupe kama maziwa yakachuruzika kandokando ya mapezi, na vidole vyake vikaanza kuingia ganzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akamweka wayo mbele ya papa aliyefugwa tangini. Papa akapanua kinywa aume, taya zikakwama zikiwa wazi, akatikisa kichwa huku na huku na kukimbia. Clark hakuridhika na tangi. Alitega baharini kamba ndefu yenye chambo nyingi, mfano wa dhulumati yetu, akachanganya wayo hai na samaki wengine. Papa wakawala wale wengine, wayo wakasalia. Halafu akawafuta wayo ngozi kwa spiriti ili kuondoa yale majimaji, na hao wakaliwa. Jaribio hilo la mwisho ndilo nipendalo kuwasimulia wanafunzi. Bila hilo, mtu angedai kwamba papa hapendi tu sura ya wayo.

Baadaye watafiti walibaini kwamba kemikali moja ya kutoa povu kwenye shampuu humkera papa vivyo hivyo, ila mpaka impate kinywani. Kwa hiyo usijipake shampuu ukadhani umepata kinga! Wayo mwenyewe, kwa jina la kitaalamu Pardachirus marmoratus, yupo pia upande wetu wa Bahari ya Hindi.

Clark alizaliwa New York mwaka 1922. Baba alifariki yeye akiwa mdogo, na mama yake, mwenye asili ya Japani, aliuza magazeti. Jumamosi mama akienda kazini, mtoto aliachwa kwenye jumba la samaki hai, akabandika pua kwenye kioo mpaka aje kuchukuliwa. Alipoomba kusomea shahada za juu, katika chuo kimoja aliambiwa kwamba mwanamke ataolewa, atazaa, na gharama zitakuwa zimepotea bure. Aliolewa, akazaa wanne, na udaktari wa falsafa akaupata mwaka 1950 katika Chuo Kikuu cha New York.

Kuchoma samaki kwa mkuki chini ya maji alifundishwa na Siakong, mvuvi wa visiwa vya Palau. Mwaka 1951 alikwenda Hurghada, Misri, kukusanya samaki. Mwaka 1955 akafungua maabara Florida, kibanda cha mbao tu, ambacho leo kimekuwa Mote Marine Laboratory. Hapo aliwafundisha papa kusukuma ubao kwa pua ili kengele ilie, ndipo wapewe chakula. Baridi ilipoingia mafunzo yakasimama. Maji yalipopata joto tena, papa walikuwa hawajasahau. Wakati huo papa alihesabiwa mnyama mjinga, tumbo lenye meno.

Kuanzia 1968 alifundisha Chuo Kikuu cha Maryland, na kutoka huko akafuatilia habari iliyoanzia kwa mvuvi wa kamba-koche wa Isla Mujeres, Mexico: papa wamelala pangoni. Vitabu vilisema papa wa aina ile asipoogelea hupumua kwa shida na hufa. Clark akazama akawakuta wametulia sakafuni, matamvua yakipiga, macho yakimfuata kila aendako. Aliona maji matamu yakichanganyika humo na chazo, samaki wadogo wanaojibandika kwa papa, wakiwasafisha ngozi, akaeleza kwamba huenda papa huingia pale kuondolewa vimelea. Mvuvi alikuwa ameshasema kweli. Mtaalamu alichoongeza ni kipimo.

Alipewa medali ya dhahabu ya chama cha wanawake wanajiografia cha Marekani na tuzo nyingine nyingi, lakini mimi naona Ras Mohammed ni kubwa zaidi. Aliishawishi serikali ya Misri iyalinde matumbawe ya rasi hiyo, na mwaka 1983 ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza nchini humo.

Alipiga mbizi mpaka umri wa miaka 92, akafariki Februari 2015. Miaka mitatu baadaye papa mmoja mdogo wa maji ya kina ya Ghuba ya Mexico, aliyekuwa akichanganywa na jamaa zake, alitambuliwa kuwa aina ya peke yake na kuitwa Squalus clarkae.