Topapu ya tenki la matumbawe ni nini, na kwa nini hutumii maji ya chumvi

Ushawahi kubandika makande ukaenda kupiga stori kwa jirani, ukirudi supu imekauka? Unaongeza maji, sawa, ila ukiongeza maji uliyoyatia chumvi umeharibu sufuria nzima, maana ile chumvi ya mwanzo bado imo humo humo, haijaenda popote. Basi topapu ndo hiyo. Kwenye tenki la kioo la kufugia matumbawe, ni kujazia maji yaliyopanda na mvuke, na kwa kuwa mvuke haubebi chumvi, unajazia maji matupu yasiyo na chumvi.

Watu wanachanganya hii na kubadilisha maji. Kubadilisha ni pale unapochota maji machafu ya tenki ukamwaga, hapo umemwaga na chumvi yake kwa hiyo lazima urudishe ya chumvi. Vitu viwili tofauti kabisa, na kuvichanganya ndo kunakula hela.

Tupige hesabu kidogo. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, kwa hiyo tenki la lita 100 lina kilo 3.5. Tuseme kwa wiki zinakauka lita 10 na wewe unajazia lita 10 za bahari, umeongeza gramu 350 za chumvi ambayo haikuhitajika, ukienda hivyo wiki nne unafika kilo 4.9, yaani gramu 49 kwa lita, na tumbawe haliishi humo. Mi nilishafanya huo ujinga, naagiza madumu ya maji ya bahari kutoka Tanga, nalipia mzigo kwenye basi, nikiona matumbawe yamejikunja nadhani ni ugonjwa, naagiza dumu lingine!

Na huku Arusha maji yanakauka kweli, hasa Juni na Julai, chumba cha baridi halafu hita inashikilia maji kwenye nyuzi 25, mvuke lazima upande. Ukifunika na kioo unapungua, ila usizibe kabisa, tenki linahitaji hewa.

Sasa maji matupu ni yapi? Bomba la huku hapana. Floraidi yetu mnaijua, angalieni meno yetu yalivyo ya kahawia, ila kwa tenki shida siyo hiyo tu, ni kila kilichoyeyuka humo, madini, naitreti, fosfeti, na klorini kama ipo. Maji yakikauka, ukiacha klorini hivyo vyote vinabaki, unajazia tena vinaongezeka, mwisho wa siku mwani umetawala. Kuchemsha hakuviondoi. Hata chujio la mkaa wa mifupa linanyonya hasa floraidi, mengine mengi yanapita. Unachotaka ni maji ya RO, yaliyosukumwa kwenye utando unaozuia karibu kila kitu, na siku hizi kuna wanaouza maji ya kunywa ya hivyo, nenda na dumu lako safi na kipima TDS, yaani cha kupima vitu vilivyoyeyuka majini, ikisoma karibu na sifuri chukua, ikisoma mia na kitu huenda wamerudishia madini, achana nayo. Ya mvua yanavutia kwa sababu ni bure, ila mi yaliyopita kwenye bati siyagusi, zinki ni sumu kwa matumbawe.

Kujazia kila siku kunachosha na siku moja utasahau tu. Kuna mashine za kujazia zenyewe, bei zimechangamka, lakini kama umefuga kuku unaijua ile drinka ya chupa iliyopinduliwa. Ni kitu kile kile: pindua chupa ya lita 5 mdomo ukiwa usawa wa maji unaoutaka, yakishuka hewa inaingia maji yanatoka, yakifika mdomoni yanaacha. Haitaki umeme. Tenki lenye sampu, yaani tenki dogo la chini ambalo maji hupitia, iweke kwenye sampu maana kule ndo maji hushuka, juu huoni tofauti. Ukitumia koki ya boya badala yake, chombo chake kisiwe kikubwa, boya likigoma lita 10 zikaingia zote, tenki letu la lita 100 linashuka mpaka gramu kama 32 kwa lita, hapo matumbawe yanavumilia, ila ukiwa umeunganisha na simtanki la lita 500 tutakupa pole.

Refraktomita nayo, kile kifaa cha kupima chumvi, pima baada ya kujazia, siyo kabla, ukipima kabla utakuta 37 uanze kuhangaika na tatizo ambalo halipo.