Mazungumzo ya papo kwa papo na mazungumzo ya kusubiri

Msiba ukitokea kwa watu wa Kisumu, Siaya au Vihiga, mara nyingi kundi la WhatsApp hufunguliwa kabla jua halijatua. Huingizwa wana wa boma, wakwe, majirani wa zamani na wale walioko ng'ambo. Mchana kutwa watu huandika pole na majina ya waliochanga. Halafu saa mbili usiku hutumwa kiungo cha mkutano wa video, na kamati ya mazishi hukaa kupanga bajeti. Watu ni walewale na simu ni zilezile, lakini hapo pana mazungumzo ya aina mbili, na inafaa kuyatofautisha.

Mazungumzo ya papo kwa papo huwataka wahusika wote wawepo kwa wakati mmoja. Simu ni hivyo, na vilevile mkutano wa Zoom au Google Meet, au mtu anayeongea mubashara kwenye TikTok huku watazamaji wakimwandikia. Mazungumzo ya kusubiri ni yale ambayo unaliacha neno lako, na mwenzako analichukua akipata nafasi: barua pepe, SMS, ujumbe wa WhatsApp, maoni chini ya picha ya Facebook. Wazee wetu walizijua njia zote mbili. Baraza la chifu ni papo kwa papo; barua aliyokabidhiwa kondakta wa basi la Busia ilikuwa ya kusubiri.

Kwenye kompyuta, njia zote mbili zina miaka mingi. Mhandisi wa kompyuta Mmarekani, Ray Tomlinson, alituma barua pepe ya kwanza ya mtandaoni mwaka 1971, naye ndiye aliyeiweka ile alama ya @ kwenye anwani. Mwaka 1988, Jarkko Oikarinen wa Finland akaunda IRC, vyumba vya gumzo ambamo watu waliandikiana na kujibiana hapohapo.

Siku hizi mpaka kati ya aina hizi mbili umefifia, na ugomvi mwingi ninaousikia unaanzia hapo. Mwaka 2014 WhatsApp ilileta alama mbili za buluu zinazoonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Ujumbe ni uleule wa kusubiri, lakini aliyeutuma hataki tena kusubiri. Mwendesha boda wa Kondele anatupia simu jicho abiria akipanda, anaiweka mfukoni na kuondoka. Nyumbani mtu anaziona zile alama na kuuliza: amesoma, mbona hajibu? Alama hizo unaweza kuzizima kwenye mipangilio ya faragha, ila nawe hutaona za wenzako, na ndani ya makundi zitabaki palepale. Mimi naona dawa ni nyepesi zaidi. Jambo lisiloweza kungoja, piga simu. Ukiliandika, umempa mwenzako ruhusa ya kujibu akipata nafasi.

Ujumbe wa sauti, uliokuja WhatsApp mwaka 2013, naupenda kuliko njia nyingine zote. Una subira ya barua na joto la sauti. Nyanya aliye Siaya, ambaye kuandika kunamchosha, anabonyeza na kuongea Kidholuo chake chote, na kikohozi chake na jogoo wa uani vikiwemo. Mjukuu Nakuru anamsikiliza jioni akitoka kazini, na akitaka anamrudia mara ya pili. Simu isiyorekodiwa haimpi nafasi hiyo.

Turudi kwenye kamati ya mazishi. Bajeti ikijadiliwa kwa maandishi huchukua siku mbili na mamia ya jumbe, na kila anayeingia kwa kuchelewa anaanza upya. Kwenye mkutano wa video inaweza kwisha kwa saa moja. Saa mbili usiku ya Kisumu ni saa sita au saba mchana New York, kwa hiyo hata aliye huko anaweza kuhudhuria. Lakini michango lazima iandikwe kundini: jina, kiasi, na imepita M-Pesa au la. Pesa iliyotajwa kwa mdomo huleta maneno baadaye. Na uamuzi wowote wa mkutano uandikwe kundini usiku uleule, kwa ajili ya waliokosa bando.

Habari yenyewe ya kifo ndiyo isiyopaswa kuanzia kundini. Wa damu wapigiwe kwanza, mmoja mmoja. Kifo cha mjomba wangu nilikisoma kwenye kundi la ukoo, katikati ya picha za salamu za asubuhi, nikiwa ndani ya matatu tukikaribia Nakuru. Mama yangu, dada yake wa tumbo moja, alikuwa sokoni Kibuye akiuza, naye yumo kwenye kundi hilohilo. Hakuna aliyekuwa amempigia.